Mswada Kabatini, Vitabu Uvunguni

Tarehe 12 Novemba 2019, siku aliyotimiza miaka 81, Benjamin Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake jijini Dar es Salaam. Mgeni rasmi alikuwa Rais John Magufuli, mchapishaji alikuwa Mkuki na Nyota. Miezi minane baadaye, Julai 2020, Mkapa alifariki dunia. Angeiahirisha kazi ile mwaka mmoja tu, kama tunavyoahirisha wengi wetu, habari za utawala wake zingebaki kusimuliwa na watu wengine.

Mwalimu Julius Nyerere hakuchapisha kitabu cha maisha yake. Huwezi kusema hakuwa mtu wa kalamu. Akiwa kiongozi wa nchi alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* iliyotoka kwanza 1963 na *Mabepari wa Venisi* iliyotoka 1969, achilia mbali hotuba na vijitabu vya siasa alivyoandika miaka nenda miaka rudi. Alipofariki Oktoba 1999, maisha yake yakabaki kuwa deni la wengine. Wasifu mkubwa uliojaribu kulilipa deni hilo ulitoka 2020, juzuu tatu kwa lugha ya Kiingereza, kazi ya wasomi watatu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji.

Marais wawili, wote wenye shughuli zisizohesabika. Mmoja alikamilisha kitabu cha maisha yake, mwingine alikamilisha mengi lakini si hicho. Kwa nini mtu mwenye shughuli nyingi humaliza andiko moja na kuliacha jingine? Na akishalimaliza, kwa nini mara nyingi haliwafikii aliowakusudia? Nazungumzia maandishi yasiyo ya kubuni: tawasifu, wasifu, historia ya mji au chama, mwongozo wa ufugaji, kitabu cha mapishi, mkusanyiko wa makala za gazetini. Nyumba nyingi za waandishi wetu zina ushahidi wa pande zote mbili: mswada usiokwisha umo kabatini, na vitabu vilivyokwisha vimo kwenye maboksi uvunguni mwa kitanda. Tumezoea kuyaona hayo kama magonjwa mawili. Mimi nayaona ni ugonjwa mmoja.

Shughuli zinasingiziwa

Mshtakiwa wa kwanza huwa ni muda. Mwandishi ana kazi ya mshahara, ana familia, ana vikao vya harusi na misiba. Yote ni kweli, lakini historia ya maandishi ya Kiswahili haikubali kwamba hiyo ndiyo sababu. Shaaban Robert aliingia katika ajira ya serikali ya kikoloni mwaka 1926 na akaishi kwa mshahara wa ukarani karibu maisha yake yote ya utu uzima, akianzia idara ya forodha. Ndani ya maisha hayo aliandika insha, akaandika wasifu wa Siti binti Saad, akaandika habari za maisha yake mwenyewe, na pembeni mwa hayo mashairi na hadithi zilizomfanya jina kubwa kuliko yote katika fasihi yetu. Ken Walibora alikuwa mwalimu, mtangazaji wa televisheni na baadaye mhadhiri wa chuo kikuu. Tawasifu yake, *Nasikia Sauti ya Mama*, ilitoka 2014 katikati ya pilikapilika hizo.

Tena kwa maandishi ya mambo halisi, shughuli ndizo ghala la mwandishi. Mkunga aliyezalisha wanawake kwa miaka 30 ana kitabu, na hicho kitabu hana mtu asiyewahi kuingia wodini. Nahodha wa jahazi, karani wa mahakama ya mwanzo, mwalimu aliyefungua shule chini ya mwembe: hawa wana habari ambazo mwandishi mwenye nafasi tele atazitafuta kwa tochi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asubiri astaafu ndipo aandike, unamwambia aandike baada ya kumbukumbu kuchakaa na mashahidi kuzikwa.

Kwa hiyo muda ni mchache, lakini muda mchache hauelezi kwa nini wawili wenye muda uleule, mmoja anafika na mwingine hafiki. Tutazame kwingine.

Vikwazo vitatu

Kikwazo cha kwanza ni mada isiyo na mpaka. Mtu anaanza kuandika "historia ya Tanga". Tanga ipi? Ya mkonge, ya reli, ya vyama vya ngoma, ya soka, ya shule? Kila sura anayofungua inazaa nyingine tatu, na kila mzee anayehojiwa anamwelekeza kwa mzee mwingine. Mtaka yote hukosa yote. Mwandishi mwenye siku nzima anaweza kumudu mada pana kwa sababu anaishika yote kichwani kwa wakati mmoja. Mwenye saa moja usiku, kila akikaa anaanza kwa kujikumbusha alipoishia, na mada ikiwa pana saa hiyo inakwisha kabla hajaandika. Dawa ni kuikata: si historia ya Tanga, ni habari ya timu moja, mtaa mmoja, msimu mmoja. Hata wasomi watatu wa wasifu wa Nyerere waligawana juzuu, kila mmoja akabeba yake.

Kikwazo cha pili ni utafiti unaogeuzwa kuwa maficho. Kuandika kunatisha, kwa sababu sentensi ikishakaa kwenye karatasi inaweza kukosolewa. Kutafuta hakutishi. Mtu atakwenda Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani mara kumi, atapiga picha za majalada mpaka simu ijae, na kila akirudi nyumbani atajiambia bado kuna jalada moja muhimu. Nyaraka haziishi. Anayeandika rasimu mapema hugundua mapengo halisi ni machache: labda tarehe tatu na jina moja la mtu. Basi huenda nyarakani na orodha ya maswali, naye hutoka na majibu.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote, nacho ni kwamba hakuna anayeusubiri mswada. Tazama baadhi ya vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyezunguka bara mpaka Kongo. Uzeeni, Unguja, aliyaandika maisha yake, na sababu kubwa ni kwamba Mjerumani Heinrich Brode aliyataka. Yakachapishwa miaka ya 1902 na 1903. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuja kufundisha Kiswahili Berlin, ndiye kalamu kuu nyuma ya *Desturi za Wasuaheli* ya mwaka 1903, na aliyekuwa akiyasubiri maandishi hayo ni Mjerumani mwingine, Carl Velten. Mtu akikusubiri, unamaliza.

Lakini mifano hiyo ina somo la pili, chungu kidogo. Anayesubiri ana haja zake. Velten ndiye ambaye jina lake lilikaa kwenye jalada la *Desturi*, na kwa miaka mingi Mtoro alijulikana kwa wataalamu peke yao. Mwandishi anahitaji mtu wa kumsubiri, na anahitaji kumchagua mwenyewe. Akichaguliwa na mfadhili, mswada utakwisha, ila huenda usiwe wake.

Hesabu ya karani

Tuseme umekata mada na umempata wa kukusubiri, awe mhariri wa gazeti, wenzako watatu mnaosomeana kila mwezi, au wazee wa mtaa uliowaahidi kuwarudishia habari zao. Sasa kazi yenyewe. Kipimo cha kwanza ni idadi ya maneno. Chukua maneno 300 kwa kikao kimoja, kiasi cha ukurasa wa kitabu. Vikao vinne kwa wiki ni maneno 1,200. Mwaka una wiki 52. Toa 12 za Ramadhani au Krismasi, mitihani ya watoto, homa na misiba. Wiki 40 zilizobaki zinakupa maneno 48,000, yaani kitabu cha kurasa 160. Mwaka wa pili ni wa kusahihisha. Hesabu hii haina muujiza, ila ina sharti: kikao kiwe na mahali pake na saa yake, kabla ya swala ya alfajiri au baada ya taarifa ya habari, na kila kikao kianze palipoachwa alama. Wanaoandika kwa muda mrefu huacha sentensi ya mwisho ikiwa nusu kwa makusudi, ili kesho mkono uanze na kuimalizia badala ya kuanza na kufikiri.

Kipimo cha pili ni ukubwa wa kipande. Mwenye shughuli asiandike kitabu, aandike makala kumi na mbili. Kila sura ijitegemee, iwe na swali lake na jibu lake, iweze kusomwa redioni au kutolewa gazetini. Njia hii ina faida mbili kwa mpigo. Kwanza, ukikwama miezi mitatu hupotezi uzi wa kitabu kizima, unapoteza sura moja. Pili, kila sura inayotoka inatafuta wasomaji kabla ya kitabu. Msomaji atakuandikia kusema jina la nahodha umelikosea, na mwingine ataleta picha ya mwaka 1958 iliyokuwa sandukuni kwa bibi yake. Kosa lililogunduliwa gazetini halitakuwamo kitabuni.

Kipimo cha tatu ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mwandishi wa mambo halisi ni vyanzo vyake. Kila mahojiano yaandikwe tarehe, mahali, jina, na ruhusa aliyoitoa msemaji. Sauti zilizorekodiwa zipewe majina yanayoeleweka, zisibaki namba tupu ndani ya simu itakayoanguka baharini siku ya Idi. Kila picha iandikwe imetoka kwa nani na kama imeruhusiwa kuchapwa. Miswada mingi hufia hapa: imeandikwa vizuri, lakini mhariri akiuliza "Hili umelitoa wapi?" mwandishi hana jibu, na kulitafuta upya kunachukua mwaka. Daftari hilo humlinda pia mwandishi asishtakiwe kwa kashfa, maana anayeandika habari za watu walio hai anahitaji kuthibitisha anachosema.

Daftari lina kazi nyingine ambayo wengi hawaioni, na ndiyo inayotuvusha kwenda upande wa pili wa swali. Kila jina lililomo humo ni la mtu aliyetoa kitu kwa ajili ya kitabu. Huyo ni msomaji wako wa kwanza.

Kizuri chajiuza?

Kuna methali inayotudhuru kimyakimya: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maadili ya pwani ni methali nzuri, inafundisha staha. Kwa biashara ya vitabu ni sumu. Mwandishi anayeiamini hukabidhi mswada, akangoja, na kitabu kikinyamaza hujiambia labda hakikuwa kizuri. Ukweli ni kwamba kitabu kilichomo ndani ya boksi hakina namna ya kujiuza, kiwe kizuri kiasi gani. Hata Shaaban Robert, ambaye uzuri wa maandishi yake hauna mpinzani, aliacha miswada iliyosubiri wachapishaji. *Utubora Mkulima* na *Siku ya Watenzi Wote* zilitoka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Yeye alimaliza. Milango iliyobaki ilikuwa mikononi mwa wengine.

Milango hiyo haijapanuka sana. Uchapishaji wa Afrika Mashariki unaegemea vitabu vya shule. Mchapishaji anaishi kwa kitabu kilichoidhinishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania au na taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, kwa sababu hicho kina mnunuzi wa hakika. Wasifu wa mkunga hauna mtaala. Nchini Kenya, sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu, mzigo unaoangukia bei, na bei inaangukia msomaji. Maduka ya vitabu, yale yaliyobaki, hupokea vitabu vya mwandishi mdogo kwa mali kauli: vikiuzwa utalipwa, visipouzwa utavirudisha nyumbani. Mwandishi akichapisha mwenyewe, mtaji ni wake na hasara ni yake. Akichapishiwa, anangoja mrabaha ambao huenda usilipe nauli ya kuufuatilia.

Katika hali hiyo wengi huweka matumaini yote kwenye uzinduzi. Uzinduzi una nguvu zake. Kitabu cha Rais wa zamani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, *Mzee Rukhsa*, kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 8 Mei 2021, siku Mzee alipotimiza miaka 96, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa ikikizungumza. Lakini pale habari ilikuwa Mzee Mwinyi mwenyewe. Mwandishi wa kawaida akiiga sherehe ile hukodi ukumbi, vipaza sauti na chakula, humwalika mgeni rasmi atakayechelewa saa mbili, na jioni hugundua kwamba waliohudhuria walikuwa ndugu na marafiki ambao wangenunua hata bila ukumbi. Wengine wamenunua nakala kama wanavyotoa mchango wa harusi, na kitabu watakiweka kabatini bila kukifungua. Mara nyingi fedha ya ukumbi ingetosha kuchapa nakala nyingine mia kadhaa. Uzinduzi ni siku moja, na kitabu kina maisha ya miaka.

Waliotembeza vyao

Waliofanikiwa kufikisha vitabu bila jina la urais wana jambo moja la pamoja: walijua msomaji wao anakaa wapi, wakamfuata huko.

Gakaara wa Wanjaũ alikuwa mwandishi wa Kikikuyu, akawekwa kizuizini na Waingereza wakati wa Mau Mau. Kumbukumbu alizoweka kizuizini zilitoka kitabuni 1983 na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Noma ya uchapishaji wa Afrika. Kinachotuhusu hapa ni kwamba Gakaara hakuwa akingoja tuzo. Alikuwa na kiwanda chake kidogo cha uchapaji Karatina, akichapa vijitabu, majarida na nyimbo kwa lugha ya watu waliomzunguka, akiviuza hapohapo walipo. Tuzo ilimkuta sokoni.

Profesa Joseph Mbele, Mtanzania aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo cha St. Olaf huko Minnesota, Marekani, alichukua njia nyingine. Mwaka 2005 alichapisha mwenyewe kitabu kidogo cha Kiingereza kuhusu tofauti za utamaduni wa Waafrika na Wamarekani, kwa mtindo wa kuchapwa nakala kila inapoagizwa. Hapakuwa na maboksi uvunguni, kwa sababu nakala isiyoagizwa haichapwi. Wasomaji wake walikuwa wanajulikana: wanafunzi na walimu wanaojiandaa kuja Afrika, Waafrika wahamiaji, watu wa mashirika. Aliwafuata kwenye mihadhara na kwenye matamasha ya vitabu, akikaa nyuma ya meza yake na kuzungumza na kila anayesimama. Kwa Kiswahili aliandika insha za *Changamoto*. Ni kazi ya mtu mwenye darasa la kufundisha kesho asubuhi, na ameifanya kwa utulivu.

Harith Ghassany naye, mwaka 2010, alitoa *Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!* kuhusu Mapinduzi ya Zanzibar, kitabu kinene cha Kiswahili kilichosomwa na kubishaniwa kutoka Unguja mpaka Muscat, kwa sehemu kubwa kupitia nakala za kielektroniki zilizopitishwa mkono kwa mkono. Ukubaliane nacho au usikubaliane, kiliwafikia wenye habari yao.

Utaona kwamba hakuna hata mmoja aliyejaribu kumuuzia "umma". Umma haununui kitabu. Wanaonunua ni wafugaji wa kuku wa mkoa fulani, waliosoma shule fulani, mashabiki wa timu fulani, ukoo, ushirika, jumuiya ya Wakomoro, wajukuu wa mabaharia. Kitabu cha mambo halisi kina bahati hii ambayo riwaya haina: mada yake ina anwani. Mwandishi wa historia ya taarab aende kwenye klabu za taarab. Mwandishi wa mwongozo wa mwani aende kwa kina mama wa Paje na Jambiani, na aende maji yakijaa, kwa sababu yakitoka hao wako kazini.

Kwa mwenye shughuli, hili ndilo jambo la kushika. Huna nguvu ya kutangaza kila siku kila mahali. Chagua njia mbili unazozimudu na uzifuate mwaka mzima. Kipindi cha redio ya mkoa hakitaki fedha, kinataka mtu mwenye habari ya kusimulia kwa dakika 20. Kundi la WhatsApp la watu 200 wanaoihusu mada lina faida kuliko wafuasi maelfu wasiokujua. Namba ya malipo ya simu ikiwa imechapwa ndani ya jalada la nyuma, msomaji wa Mbeya atalipa usiku na kifurushi kitapanda basi asubuhi. Nakala mbili kwa maktaba ya mkoa na moja kwa maktaba ya chuo zitasomwa na watu usiowajua kwa miaka mingi. Namba ya ISBN, inayotolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba, ichukuliwe kabla ya kwenda mtamboni, ili kitabu kiweze kuagizwa na kuorodheshwa.

Lugha nayo ni njia ya kutangaza

Mohamed Said alitoa wasifu wake wa Abdulwahid Sykes, mwanasiasa wa Dar es Salaam, kwa Kiingereza, London, mwaka 1998. Toleo la Kiswahili lilifuata Nairobi mwaka 2002. Kiingereza kilikipeleka kitabu kwenye maktaba za vyuo na kwenye tanbihi za wanahistoria. Kiswahili kilikirudisha Kariakoo, kwenye mitaa ambako mambo yenyewe yalitokea na ambako watoto wa wahusika bado wanaishi. Kitabu cha Mkapa kilitoka kwa Kiingereza, cha Mwinyi kwa Kiswahili, na hilo peke yake liliamua ni nani angekinukuu barazani.

Sisemi Kiingereza ni kosa. Nasema uamuzi wa lugha usiachwe kuwa mazoea. Anayeandika habari za wavuvi kwa lugha ambayo wavuvi hawaisomi amejikata mguu kabla ya kutangaza: watu ambao wangekibeba kitabu mabegani mwao hawawezi kukisoma. Na kwa mwenye shughuli gharama ni kubwa zaidi, kwa kuwa hana muda wa kukiandika mara mbili.

Upande wa pili wa hoja

Kuna watakaosema kutangaza mapema ni hatari. Wana hoja mbili za kusikilizwa.

Ya kwanza ni kwamba maneno hupunguza hamu. Ukisimulia sana kitabu chako barazani, moyo unaridhika kana kwamba umeshakiandika. Ni kweli, na kila mmoja wetu anamjua mtu ambaye kitabu chake amekisimulia kwa miaka kumi. Lakini tofautisha kusimulia na kukabidhi. Anayesema "naandika kitabu" hajaahidi chochote. Anayesema "sura ya tatu utaipata tarehe 15" amejifunga kamba. Ninachotetea ni hicho cha pili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: yapo maandishi yanayodai siri. Gakaara kizuizini asingeweza kuwatangazia walinzi kwamba anaweka kumbukumbu. Anayeandika habari za ufisadi, au za jeraha la ndani ya familia, anaweza kuzuiwa akijulikana mapema. Hapo ukimya ni busara. Hata hivyo, kazi ya siri nayo inataka msomaji mmoja wa siri, mtu anayejua mswada uko wapi na afanye nini nao likitokea la kutokea. Mswada ambao mwandishi peke yake ndiye anayeujua huzikwa naye.

Naongeza angalizo moja la kwangu. Si kila andiko lazima liwe kitabu. Kuna mkusanyiko wa barua ambao ungetosha kuwa makala moja ndefu, na kuna historia ya ukoo inayohitaji nakala 40 za kurudufu na kufungwa vizuri, zigawiwe siku ya hitima. Kuipima kazi kwa ukubwa wake halisi ni njia ya kuimaliza, na hakuna aibu ndani yake.

Hukumu

Nimesema ni ugonjwa mmoja, na sasa sababu iko wazi. Mswada hubaki kabatini kwa kuwa hakuna anayeusubiri. Vitabu hubaki uvunguni kwa kuwa hakuna aliyekuwa akivisubiri. Mwandishi anayewaingiza watu kazini mapema, wahojiwa, wakosoaji, wenye picha, mhariri wa gazeti, kundi la wenye mada yao, anapata kwao msukumo wa kumaliza, na siku kitabu kikitoka mtamboni hana haja ya kuanza kuwatafuta.

Kisa kimoja kinatosha kuthibitisha. Kleist Sykes, baba yake Abdulwahid, alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha African Association mwaka 1929, mfanyabiashara wa Dar es Salaam, mtu wa shughuli hasa. Alifariki 1949, akaacha maandishi kuhusu maisha yake mikononi mwa familia. Yalikaa humo. Miaka ya 1960 mjukuu wake, Daisy Sykes, alikuwa mwanafunzi wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwalimu wake, John Iliffe, alikuwa akiwahimiza wanafunzi waandike maisha ya watu waliowajua. Kwa kuyatumia maandishi hayo, Daisy aliandika habari za babu yake kama kazi ya semina. Ilitoka 1973 katika kitabu *Modern Tanzanians*, na tangu hapo hakuna anayeandika historia ya siasa za Dar es Salaam bila kupita kwa Kleist. Habari ya maisha yote ilikuwa ndani ya nyumba kwa karibu miaka 20. Iliyoifikisha kwa wasomaji ni kazi fupi ya darasani, yenye mtu wa kuikabidhi na mwalimu anayeisubiri.